Je, Yafaa Kufuga Chatu?



Swali hili si la mchezo. Vijana wa Butembo wametuuliza mara nyingi baada ya mafundisho, na wale wa Beni vilevile: "Mwalimu, ni dhambi kufuga nyoka?" Wameona katika simu zao watu wa nchi za mbali wakimvaa chatu shingoni kama kitambaa, wakimlisha kwa mkono, hata wakilala naye chumba kimoja. Basi wanasema: Watu wa mbali wanafuga chatu, mbona sisi tulio na chatu wa kwetu twamkimbilia kwa mapanga? Wazee nao wana neno lao. Husema: Mtu anayeweka nyoka nyumbani hafugi mnyama, anafuga kitu kingine.

Swali la vijana na neno la wazee, yote mawili yadai jibu. Leo twataka kujibu kwa utaratibu. Kwanza tutaona chatu ni mnyama wa namna gani. Kisha tutaona waliomtunza zamani, na mambo ambayo mfugaji apaswa kumpa. Mwishoni tutasema juu ya jirani, maana hakuna nyumba iliyo peke yake duniani, na ya Butembo hasa.

CHATU NI MNYAMA WA NAMNA GANI

Chatu wanaoonekana katika simu ni wa aina nyingi. Mmoja anayependwa sana na wafugaji ni yule anayeitwa chatu wa zulia, kwa sababu madoa ya ngozi yake yafanana na zulia lililofumwa kwa ufundi. Kwao ni Australia na kisiwa cha Guinea Mpya. Mtaalamu Mfaransa Lacépède alimwandika katika kitabu mwaka 1804. Kwa kawaida hufikia urefu wa meta 2 au 3. Katika mji wa Brisbane watu humkuta darini mwa nyumba zao akiwinda panya, na wengine humwacha hapo hapo afanye kazi yake. Lakini huko huko Australia, anayetaka kumfungia na kumfuga lazima kwanza apate ruhusa ya serikali. Jambo hilo vijana hawalioni katika simu.

Chatu wetu ni mwingine. Wengi humwita nguma, kwa Kilingala. Yeye ndiye nyoka mkubwa kuliko wote katika Afrika. Mara nyingi hufikia meta 3 au 4, na wengine hupita meta 5. Hukaa karibu na maji, katika nyasi ndefu, katika mashimo yaliyochimbwa na wanyama wengine. Kwetu yuko katika bonde la Semliki na katika Mbuga ya Virunga, ile iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Mfalme Albert wa Ubelgiji. Hula panya, ndezi, ndege, nyani na swala wadogo. Akikaribia vijiji, hula pia kuku na mbuzi. Mkulima humlaani kwa sababu ya kuku mmoja, wala hahesabu panya wote walioliwa kabla hawajafika kwenye mahindi yake.

Chatu hana sumu. Hukamata kwa meno yaliyopinda kuelekea nyuma, hujiviringisha na kukaza. Watu husema kwamba huvunja mifupa. Sivyo. Mwaka 2015 wataalamu wa Marekani walipima kazi ya nyoka wa jamii ya boa, ambao hubana kama chatu, wakaona kwamba damu ya mnyama aliyebanwa huacha kuzunguka katika muda wa sekunde chache tu. Tena chatu ana vishimo midomoni ambavyo kwavyo huhisi joto la mnyama hata gizani. Ndiyo sababu hukosea mara chache usiku.

Jambo moja juu yake lingewashangaza wengi. Chatu ni mama mwema. Hutaga mayai 20 hadi 50, pengine zaidi, kisha hujiviringisha juu yake na kuyalinda mpaka yaanguliwe, wala hali chakula siku hizo zote. Huko Afrika ya Kusini, mtaalamu Graham Alexander alichunguza kwa miaka mingi chatu walio ndugu wa karibu wa chatu wetu, akatangaza habari zao mwaka 2018. Mama hutoka shimoni kuota jua. Ngozi yake hugeuka nyeusi ili ishike joto vizuri. Kisha hurudi na joto lile kwa mayai yake. Watoto wakitoka, hukaa nao karibu majuma mawili, wakijifunika katika mikunjo ya mwili wake usiku. Nani kati yetu alidhani hivyo juu ya nyoka?

WALIOMTUNZA ZAMANI

Kutunza chatu si jambo jipya katika Afrika. Mmisionari mmoja wa Kiprotestanti, John Roscoe, aliandika katika kitabu chake juu ya Baganda, mwaka 1911, kwamba huko Buddu, karibu na ziwa Viktoria, palikuwa na nyumba ya chatu aliyeitwa Selwanga. Mwanamke asiyeolewa aliwekwa kumtunza na kumpa maziwa, na watu walikuja kumwomba awape watoto. Buddu hiyo ndiyo nchi ya Masaka, ambayo baadaye ilijaa Wakristo wakatoliki.

Katika mji wa Ouidah, nchi ya Benin, nyumba ya chatu ipo hata leo, ikitazamana na basilika ya Bikira Maria Mkingiwa wa Dhambi ya Asili ng'ambo ya pili ya uwanja. Chatu wale ni wadogo na wapole. Mara kwa mara hufunguliwa usiku wakajitafutie chakula. Mtu akimkuta mmoja nyumbani mwake, humrudisha bila kumdhuru. Nako Kenya, katika nchi ya Nyakach karibu na Kisumu, Wajaluo walimheshimu chatu mmoja mkubwa waliyemwita Omieri, wakisema kuja kwake ni dalili ya mvua na mavuno. Mwaka 1987 aliungua katika moto wa nyasi. Watu wa serikali walimchukua ili wamtibu, lakini alikufa, na nchi nzima ilisoma habari zake katika magazeti.

Basi tusiwacheke wazee wetu. Neno lao lina mzizi. Mahali pengi chatu hakutunzwa kama mbuzi au mbwa. Alitunzwa kama mwenye nguvu, mtu akitumaini kupata kitu kwake, mtoto au mvua au mali. Mzee wa leo akiona nyoka katika sanduku, hukumbuka mambo hayo. Kijana hana mawazo hayo kabisa. Yeye apenda mnyama tu. Hawa wawili waangalia sanduku moja, na kila mmoja aona nyoka wake.

MAMBO AMBAYO MFUGAJI APASWA KUMPA

Sasa twende kwenye kazi yenyewe, maana wengi hutamani chatu bila kujua anadai nini.

La kwanza ni joto. Mwili wa chatu hautengenezi joto lake kama wetu. Hulipata kwa jua na kwa ardhi. Katika sanduku lake apaswa kuwa na upande mmoja wenye nyuzi 30 za joto au zaidi kidogo, na upande mwingine wenye nyuzi 25 hivi, ili ajichagulie. Chakula chake hakiwezi kusagika bila joto. Akila na kukaa katika baridi, chakula huoza tumboni naye hutapika, na baada ya muda hufa. Sasa Butembo ni mji wa mlimani, wa kimo cha meta 1,700 na zaidi. Asubuhi twaenda Misa na sweta nzito. Beni, chini kidogo, kuna joto zaidi, lakini usiku wake nao haumtoshi chatu. Umeme katika nyumba nyingi ni wa kuja na kukatika. Wengine watasema: Tutamwekea mbabula ya makaa. Tunawasihi, msifanye hivyo! Moshi wa makaa usioonekana, katika chumba kilichofungwa, huua nyoka na mwenye nyoka na watoto wake, wote wakiwa usingizini.

La pili ni chakula. Chatu hali ugali, wala sombe, wala maziwa, licha ya habari zile za Buddu. Hula wanyama wazima. Mdogo atosheka na panya mmoja kila juma; mkubwa hukaa majuma kadhaa bila kula, lakini akila ataka simbilisi (wale tunaowaita kobayi), sungura au kuku, na mwishowe mbuzi. Ni bora apewe mnyama aliyekwisha kufa, maana panya hai aweza kumng'ata nyoka vibaya. Baada ya kula asishikwe siku mbili au zaidi. Hapa kila mmoja ahesabu mwenyewe. Kuna nyumba ambazo watoto huonja nyama siku ya Noeli na ya Pasaka tu. Katika nyumba ya namna hiyo, nani atamchinjia nyoka sungura mbele ya macho yao?

La tatu ni makao. Apaswa kuwa na sanduku imara lenye hewa, beseni la maji ambalo aweza kuingia mwili mzima, na mahali pa kujificha, kwa maana chatu asiye na maficho huona hofu na kukataa chakula. Wakati wa kujivua ngozi huhitaji unyevu zaidi, ngozi isije ikabaki machoni. Na mfuniko ufungwe kwa kufuli. Hili la kufuli si neno dogo. Mwezi wa Agosti 2013, katika mji wa Campbellton, nchi ya Kanada, chatu wa aina hii hii yetu alitoroka katika chumba chake, akapita katika njia ya hewa ya nyumba, akawaua watoto wawili ndugu, wa miaka 4 na 6, waliokuwa wamelala. Nyoka yule alifugwa miaka mingi. Hakuwa mwovu, alikuwa chatu tu. Kwa hiyo wafugaji wenye akili wana kanuni: chatu akipita meta 2 na nusu au 3, mtu asimshike akiwa peke yake.

La nne ni usafi. Nyoka wengi huwa na vijidudu viitwavyo salmonela, ambavyo haviwadhuru wao lakini huleta kuhara na homa kali kwa watu, hasa kwa watoto wadogo, wazee na mama wajawazito. Anayemgusa anawe mikono kwa sabuni mara moja, na beseni lake lisioshwe jikoni. Jambo hilo sisi wa Beni na Butembo twalijua vizuri. Tangu Agosti 2018 hata Juni 2020, siku za Ebola, kila mlango ulikuwa na ndoo yake ya kunawia. Anayetaka kumfuga nyoka aitafute tena ndoo ile.

La tano ni miaka. Chatu aliyetunzwa vizuri aweza kuishi miaka 20 na kuzidi. Mwanafunzi wa sekondari anayemchukua leo atakuwa naye siku ya ndoa yake, na siku ya ubatizo wa watoto wake, nyoka akiwa na urefu wa meta 4. Bibi harusi aulizwe mapema.

KIJANA MMOJA WA PAROKIA YETU

Tumeyaona mambo haya kwa macho, kwa hiyo twaweza kuyasimulia. Kijana mmoja, ambaye jina lake tunalificha, alikuwa akiishi Butembo pamoja na bibi yake mjane. Hawakuwa wenyeji wa mtaa ule. Walikimbia kutoka kijiji kimoja cha upande wa Beni, kwa sababu ya mauaji yaliyoanza huko mwezi wa Oktoba 2014. Kijana alijifunza kutengeneza simu na redio. Siku moja, akitoka bonde la Semliki, alileta katika kikapu mtoto wa chatu, urefu wake hauzidi mkono wa mtu mzima. Alimpa jina: Mtulivu.

Lazima tuseme kweli: kijana yule alimtunza vizuri. Alitengeneza sanduku la mbao lenye kioo. Aliweka taa ndogo iliyopata nguvu kwa betri na bamba la jua, na kipima joto pande mbili. Usiku wa baridi alijaza chupa maji ya moto, akazifunga kwa nguo kuukuu na kuziweka chini ya sanduku. Tena alikuwa na daftari. Humo aliandika kila kitu: tarehe ya kula, panya wangapi na bei yao, tarehe ya kujivua ngozi, urefu kwa sentimeta. Mwaka na nusu alifanya hivyo bila kuchoka. Walimu wengi hawana daftari safi kama lile.

Lakini kazi yake ya simu iliendelea vema, akanunua pikipiki. Ndipo maneno yalipoanza. Wakasema: Mkimbizi apata wapi pikipiki? Nyoka yule ndiye anayetapika dola usiku. Wengine wakaongeza: Na dola hazitoki bure, lazima alishwe kitu. Kisha, katika majira ya mvua, mtoto wa jirani akashikwa na homa kali, akaanza kuweweseka. Ikawa kama mafuta yamemwagwa juu ya moto. Hawakumtaja kijana tena. Walimtaja bibi. Yeye ni mzee, ni mjane, ni mgeni, hana ndugu katika mtaa. Sote twajua katika nchi yetu habari ya namna hiyo huishia wapi.

Jioni moja tuliitwa upesi. Watu walikuwa wamejaa uani, na wawili walishika vidumu vya petroli. Tulisimama mlangoni pamoja na kiongozi wa shirika letu na shefu wa selile. Hatukuhubiri, maana saa ile haikuwa ya mahubiri. Kwanza tuliuliza: Mtoto yuko wapi? Yuko nyumbani. Amepimwa? Hajapimwa. Kiongozi wa shirika, mama mwenye sauti kubwa, akamchukua mama wa mtoto kwa mkono, wakaenda kituo cha afya kwa pikipiki ile ile iliyokuwa ikisemwa.

Tulipokuwa tukingoja, mzee mmoja alidai kujua nyoka anakula nini. Kijana alitetemeka, lakini alileta daftari. Akasoma kwa sauti: tarehe hii, panya mmoja, tarehe hii, panya wawili, tarehe hii, alikataa kula, baridi, tarehe hii, simbilisi mmoja, bei yake hii. Alisoma kurasa nyingi. Watu walinyamaza kwanza kwa hasira, kisha kwa kuchoka. Mwishowe mzee yule akasema: "Na ukurasa wa dola uko wapi?" Kijana akajibu: "Mzee, ni kurasa hizi hizi. Zote ni dola nilizotoa. Alizonipa yeye sijaziona bado." Mtu mmoja akacheka, akafuatwa na mwingine. Mwenye kidumu akakiweka chini. Saa mbili baadaye habari ikaja kutoka kituo cha afya: malaria. Siku ya nne mtoto alikuwa akicheza.

Mtu angedhani mambo yalikwisha hapo. Hayakuisha. Hakuna aliyemgusa bibi, lakini wengi waliacha kumsalimu. Akienda bombani kuchota maji, wanawake walisogea mbali. Katika kanisa benchi lake lilibaki na nafasi. Tulimtembelea, tukamkuta akimenya viazi. Hakumkaripia mjukuu wake. Alimwambia mbele yetu: "Mjukuu wangu, nyoka wako hana kosa. Lakini anayekwenda bombani ni mimi."

Kijana alikaa kimya muda mrefu. Juma lile lile aliomba tumsindikize kwa wahifadhi wa wanyama. Baadhi ya majirani walitaka Mtulivu auawe mbele ya watu wote, ili kila mmoja aone. Tulikataa, naye bibi alikataa kutuzidi. Wahifadhi walikuja na mfuko, wakamchukua. Walitueleza pia kwamba nyoka aliyekaa na watu haachiliwi porini ovyo, kwa sababu aweza kupeleka ugonjwa kwa wenzake, tena hajui kuwaogopa watu. Kijana aliwapa daftari pia. Tulimwona akilia, wala hatukumwambia anyamaze.

SHERIA YASEMAJE

Wasomaji wajue pia kwamba jambo hili haliko mikononi mwa mapenzi yetu tu. Sheria ya nchi Na. 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inahusu uhifadhi wa asili, nayo yataka ruhusa kwa anayetaka kukamata mnyama wa porini. Ndani ya Mbuga ya Virunga kukamata mnyama ni marufuku kabisa. Tena nchi yetu imo katika mapatano yaliyotiwa sahihi huko Washington mwaka 1973 juu ya biashara ya wanyama walio hatarini. Chatu wote, wa kwetu na wale wa zulia, wamo katika orodha yake. Hawavushwi mpaka bila hati. Kwa hiyo anayenunua mtoto wa chatu njiani, au anayempeleka ng'ambo ya Kasindi ndani ya gunia, ajue kwamba anafanya magendo.

JIBU LETU

Basi, ni dhambi kufuga nyoka? Kitabu cha Mwanzo, katika sura ya kwanza, kinasimulia kwamba Mungu aliumba nao watambaao, akaona ni vema. Habari ya nyoka mdanganyifu inafuata katika sura ya tatu, nayo yahusu mshawishi, wala si chatu wa Semliki. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 16, kuna mjakazi wa Filipi aliyekuwa na pepo wa uaguzi, na Kigiriki cha asili chamtaja pepo yule kwa jina la chatu, kwa sababu ya nyoka wa hadithi za Wagiriki. Mtakatifu Paulo alimfukuza pepo; hakumtafuta nyoka yeyote ampige. Mnyama ni mnyama. Anayemwomba mvua au mali, au anayemdhania mchawi, huyo ndiye aliyempa kitu ambacho mnyama hana.

Someni pia sura ya 28. Paulo alipokuwa Malta, nyoka alimuuma mkononi. Watu wa kisiwa walipoona, walisema mara moja: Huyu ni mwuaji. Walipoona hajafa, walisema: Huyu ni mungu. Walihukumu mara mbili kwa sababu ya nyoka mmoja, na mara mbili walikosa. Kisiwa cha Malta kiko mbali, lakini watu wake twawajua.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kufuga chatu ni dhambi kwa yenyewe. Twasema hivi: anayetaka kumfuga ajiulize kwanza maswali matatu. Je, naweza kumpa joto na chakula kwa miaka 20, bila kuondoa kitu katika sahani ya watoto? Je, nina ruhusa? Na mzigo wa mnyama huyu utabebwa na nani: ni mimi, au ni mtu wa nyumba yangu aliye mnyonge kuliko mimi? Katika Butembo na Beni za leo, wachache sana wataweza kujibu yote matatu vizuri.

Chatu wa kwetu hatuombi sanduku. Tayari ana joto la bonde, ana maji ya Semliki, ana panya wa kutosha. Utunzaji bora tunaoweza kumpa ni kumwacha huko. Mkimkuta shambani, warudisheni watoto nyuma, mpeni njia, naye ataondoka. Asipoondoka, mwiteni mwenye kazi hiyo. Banda la kuku lizibwe vizuri chini na juu. Watoto wadogo wasichunge mbuzi peke yao penye nyasi ndefu za kando ya maji.

Nanyi vijana mnaopenda wanyama, msiache kupenda. Kuna simbilisi, kuna sungura, kuna njiwa, wanaostahimili baridi yetu na kuleta chakula nyumbani. Fugeni hao kwa daftari, kwa tarehe, kwa usafi, kama kijana yule alivyofanya. Hakuna mfugaji wa kuku Butembo ambaye hatafaidika na ukurasa wa namna ile.

Na sisi sote tulio katika mashirika: tukisikia kwamba fulani ana nyoka wa kutapika feza, tusimame kwanza. Tuulize nani ameona. Tumpeleke mgonjwa kituo cha afya kabla jua halijatua. Kisha twende kumsalimu mzee anayetajwa, mchana, mbele ya watu wote, na kumsaidia kubeba maji yake.